Tezi Dume: Hadhari kwa Mwanamume Aliyefika Makamo

Ikiwa umri wako, msomaji, umefika miaka 45, au ikiwa hujaufikia lakini baba yako au ndugu yako wa kiume amepata kuugua saratani ya tezi dume, maneno haya yanakuhusu wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na nakuomba uyasome sasa, ungali katika siha yako, hali huna maumivu wala dalili ya kukutia wasiwasi. Mwanamume wa kwetu aghalabu huamrishwa na maumivu: jino likimkesha usiku ndipo amtafutapo tabibu, na homa ikimlaza kitandani ndipo akubalipo kuchomwa sindano. Kwa maradhi mengi desturi hiyo haimgharimu zaidi ya siku chache za dhiki; lakini kwa maradhi haya huweza kumgharimu uhai, kwa kuwa saratani ya tezi dume inapoanza haiumi, haipunguzi nguvu za kazi, haimwondolei mtu usingizi wala hamu ya chakula, na siku inapojidhihirisha kwa maumivu ya kiuno na mifupa, mara nyingi imekwisha kutoka mahali ilipozaliwa na kuenea ambako mkono wa mpasuaji hauwezi tena kuifuata.

Tezi dume ni kiungo kidogo ambacho kila mwanamume huzaliwa nacho, kimekaa chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo umepita katikati yake. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Katika ujana haizidi ukubwa wa ndimu ndogo, na uzito wake ni gramu 20 hivi. Lakini mtu akipita miaka 40 huanza kukua polepole, na kwa wanaume walio wengi hukua pasipo saratani yoyote. Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote, maana wengi wameangamia kwa kutolijua. Uvimbe wa uzee usio saratani huota katikati ya tezi ukaubana mrija, na kwa hiyo humsumbua mtu mapema kwa mkojo usiotoka vizuri. Saratani, kinyume cha hayo, aghalabu huanzia pembezoni mwa tezi, upande wa nyuma, mbali na mrija, nayo huweza kukua miaka mingi bila ya kuugusa mkojo hata kidogo. Basi yule anayeamka usiku mara nne kwenda haja ndogo huenda asiwe na saratani kabisa, na yule anayejisifu kwamba mkojo wake haujabadilika tangu ujana huenda anayo. Kukojoa vizuri si ushahidi wa usalama. Uvimbe wa uzee, kwa upande wake, haugeuki kuwa saratani, ingawa yote mawili yaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna awezaye kuyatenganisha kwa kukisia nyumbani.

Hata hivyo dalili zisipuuzwe. Mkojo unaochelewa kuanza, unaokatika katikati, unaotoka kwa unyonge au unaokuacha ukihisi kwamba kibofu hakijaisha. Kuamka usiku mara kwa mara. Damu katika mkojo au katika manii: yote hayo yafaa yamfikishe mtu kwa daktari, wala si kwa jirani. Nasema hivyo kwa sababu katika mwambao na kandokando ya maziwa makuu, ambako kichocho ni maradhi ya tangu zamani, mzee akiona damu katika mkojo husema kichocho cha utotoni kimemrudia, na akisumbuliwa na mkojo huambiwa ana ngiri, ama huambiwa ni uzee tu na avumilie. Na dhana hizo tatu zimewachelewesha watu wengi waliokuwa na haki ya kuishi. Yako mambo mawili yasiyongoja kesho: kushindwa kabisa kukojoa hali kibofu kimejaa, na kulegea au kufa ganzi kwa miguu pamoja na maumivu ya mgongo. La kwanza hutaka kuwekewa mpira wa mkojo siku ile ile; la pili huweza kuwa ishara ya saratani iliyoingia katika mifupa ya mgongo ikaubana uti, na kila saa inayopita kabla ya tiba hupunguza matumaini ya mgonjwa kutembea tena.

Kuhusu nani aliye katika hatari kubwa zaidi, elimu imekwisha kutoa majibu yaliyo bayana. Umri ndio sababu ya kwanza: kabla ya miaka 40 maradhi haya ni nadra, baada ya 50 huanza kuongezeka, na wengi hugunduliwa nayo wakiwa wamepita 65. Nasaba ndiyo ya pili: mwenye baba au ndugu wa kiume aliyeugua, hatari yake ni zaidi ya maradufu ya mwingine, na huzidi tena ikiwa ndugu huyo aliugua angali kijana. Wala usiutazame upande wa baba peke yake. Zipo kasoro za kurithi, mathalan ile ya jeni iitwayo BRCA2, ambazo huleta saratani ya matiti na ya mifuko ya mayai kwa wanawake wa ukoo na saratani ya tezi dume kwa wanaume wake, hata mtu ambaye mama yake na khalati zake waliugua matiti ana sababu ya kumweleza daktari habari zao. Ya tatu ni asili yetu sisi weusi. Nchini Uingereza, ambako hesabu hutunzwa vizuri, mwanamume mmoja kati ya 8 hugunduliwa na saratani hii katika maisha yake, lakini kwa wanaume weusi ni mmoja kati ya 4. Duniani kote, mwaka 2022, wanaume zaidi ya milioni 1.4 waligunduliwa kuwa nayo na takriban 397,000 walikufa kwayo, na katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Katika sababu hizo hamna zinaa, hamna ulozi, wala hamna laana ya wazazi. Na yeyote amwonaye mgonjwa wa tezi dume akamdhania uovu amemdhulumu.

Ikiwa wadhani kwamba maradhi haya huchagua wanyonge, tazama waliokuwa wakuu. Mobutu Sese Seko, aliyeitawala Kongo kwa zaidi ya miaka 30 na kuwa na mali isiyohesabika, alipasuliwa Lausanne, Uswisi, mwaka 1996, na Septemba mwaka uliofuata akafa kwa saratani hii mjini Rabat, Morocco, akiwa na umri wa miaka 66. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligunduliwa nayo mwaka 1997, akatibiwa, naye hakufariki ila mwaka 2021, akiwa na miaka 90. Nelson Mandela aligunduliwa mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi mpaka Desemba 2013. Na hapa kwetu Tanzania, Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete, akiwa madarakani na mwenye umri wa miaka 64, alipasuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, kwa saratani ya tezi dume iliyogunduliwa ingali changa. Ikulu ikalitangaza jambo hilo waziwazi, na aliporejea akalizungumza mwenyewe mbele ya watu na kuwahimiza wapimwe. Nami naona tendo lile ni katika mema makubwa aliyowatendea wanaume wa nchi hii, kwa sababu ugonjwa uliokuwa ukitajwa kwa kunong'ona, na hata katika matanga ukifichwa chini ya maneno ya «aliugua kwa muda», ulitajwa kwa jina lake na mtu ambaye hakuna awezaye kumwambia kwamba amepungukiwa na heshima.

Sasa wakati wa kwenda. Ushauri unaofuatwa na matabibu wengi ni kwamba mwanamume asiye na hatari ya ziada azungumze na daktari juu ya kupimwa afikapo miaka 50. Mwanamume mweusi, pamoja na yule ambaye baba au ndugu yake aliugua kabla ya kufika miaka 65, aanze akiwa na 45. Na mwenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliougua mapema aanze akiwa na 40. Kwa kuwa ushauri huo uliandikwa Marekani kwa ajili ya weusi wa huko, ambao asili yao ni yetu, sioni kwa nini sisi tuungoje umri wa 50. Aliyepita miaka 70, au mwenye maradhi mengine mazito ambayo yanatazamiwa kumwondoa kabla ya miaka kumi, aghalabu hana faida ya kupimwa ikiwa hana dalili, kwa sababu saratani yake, kama ipo, huenda isiwahi kumdhuru. Huyo aachwe katika raha yake.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA, ambacho huangalia kiasi cha protini itolewayo na tezi dume na kuvuja katika damu. Huchukuliwa mkononi kama damu ya kipimo kingine chochote, na huhitaji matayarisho machache ambayo watu wengi hawaambiwi, wakaja kutiwa fadhaa na majibu yasiyo ya kweli. Kwa saa 48 kabla ya kutoa damu usimwage manii, wala usipande baiskeli, wala usifanye mazoezi ya kukutoa jasho jingi. Ikiwa umepata maambukizo ya mkojo, au umetolewa kinyama katika tezi, ngoja wiki 6 kwanza. Na kama uliwekewa mpira wa mkojo hivi karibuni, mweleze daktari akupangie siku ifaayo. Ikiwa utafanyiwa kipimo cha kidole siku hiyo hiyo, omba damu itangulie. Mweleze daktari kila dawa unayomeza, hasa zile za kupunguza uvimbe wa tezi kama finasteride, kwani dawa hiyo hushusha PSA kufikia nusu yake na kumfanya mgonjwa aonekane mzima.

Majibu yakija, yasome kwa utulivu. Kiwango kinachozidi 3 au 4, kwa hesabu ya nanogramu katika mililita moja ya damu, huitwa cha juu. Lakini katika kila wanaume 4 wenye kiwango cha juu, takriban 3 hukutwa hawana saratani, bali wana uvimbe wa uzee au maambukizo. Hali kadhalika kiwango cha chini hakimpi mtu dhamana, maana wako wachache wenye kiwango cha kawaida ambao saratani wanayo. Kwa hiyo namba moja haimhukumu mtu. Hupimwa tena baada ya wiki chache, na yenye kueleza zaidi ni mwendo wake, yaani imepanda kwa kiasi gani tangu mwaka uliopita. Na kwa kuwa napenda ujue pande zote mbili, nakueleza pia kwamba kupima watu wasio na dalili kuna hasara zake: hugundua saratani nyingine ambazo zingelala kimya mpaka mtu afe kwa jambo lingine, na mwenye nazo akaingia katika tiba asiyoihitaji. Uchunguzi mkubwa wa Ulaya, uliofuatilia wanaume zaidi ya 160,000 kwa miaka 23, ulionyesha kwamba walioalikwa kupimwa PSA walikufa kwa saratani hii pungufu kwa asilimia 13 kuliko wasioalikwa. Faida hiyo si ndogo, ijapokuwa si muujiza. Na kwa watu wa asili yetu, ambao hatari yao ni kubwa na ambao hufika hospitali wakiwa wamechelewa, shauri langu ni kupima.

Kipimo cha pili ndicho kinachowakimbiza watu. Mwanamume asiyeogopa bahari wala kisu cha mpasuaji hulighairi shauri lote mara asikiapo kwamba daktari atamtia kidole katika njia ya haja kubwa; hucheka barazani mbele ya wenziwe, akaondoka, asirudi tena kulitaja neno hilo mpaka siku anapobebwa. Basi nikuarifu kitakachotokea ili usitishwe na usilolijua. Utaambiwa ulale kwa ubavu wa kushoto na kuyakunja magoti kuelekea kifuani. Daktari atavaa glavu, atapaka mafuta ya kulainisha, ataingiza kidole kimoja, na kwa muda usiofika dakika moja atakuwa ameugusa upande wa nyuma wa tezi, ndio ule ule ambamo saratani huanzia. Iliyo nzima huwa nyororo na sawa pande zote mbili. Iliyo na shaka huwa na kinundu, au upande mmoja umekuwa mgumu. Utaona karaha, hutaona maumivu makubwa, nawe utavaa nguo zako ukaenda zako. Haya ni tabia njema na simlaumu mwenye nayo, lakini haya imewekwa ili imlinde mtu, na inapompeleka kaburini imekwisha kutoka katika kazi yake. Wanazuoni wetu tangu kale wamemruhusu tabibu kuona na kugusa kwa kadiri ya haja ya tiba, na wewe unayo haki ya kumtaka tabibu mwanamume, na mlango ufungwe, na asiwepo mtu asiyehusika. Mama zetu na wake zetu wamevumilia uchunguzi wa siri kuliko huu katika kila mimba na kila uzazi, na hatukupata kusema kwamba heshima yao imepungua. Tena ikiwa moyo wako umekataa kabisa, usiache kupima damu kwa sababu hiyo. Damu peke yake ni bora mara nyingi kuliko kutokwenda.

Yakionekana mashaka, daktari bingwa wa mfumo wa mkojo atataka picha ya MRI pale ipatikanapo, kisha atatoa kinyama, yaani vipande vyembamba vya tezi, mara nyingi 12 au zaidi, kwa sindano inayoongozwa na mashine ya altrasaundi. Baadaye waweza kuona damu kidogo katika mkojo au choo kwa siku kadhaa, na katika manii kwa wiki kadhaa. Hilo lisikutishe, lakini ukipata homa au kutetemeka kwa baridi rudi hospitali saa ile ile. Watu husema kwamba saratani ikiguswa na chuma huenea. Usiyafuate maneno hayo, kwani pasipo kinyama hakuna ajuaye unaumwa nini. Vipande vikichunguzwa maabara hutolewa alama za Gleason, ambazo huanzia 6 na kuishia 10. Mwenye 6 saratani yake ni pole, na aghalabu hushauriwa asikatwe wala asipigwe mionzi, bali afuatiliwe kwa PSA na uchunguzi wa mara kwa mara. Katika uchunguzi mmoja wa Uingereza, wanaume waligunduliwa saratani ingali ndani ya tezi, wengine wakafuatiliwa, wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa mionzi, na baada ya miaka 15 takriban 97 katika kila 100 walikuwa hawajafa kwa saratani hiyo. Hiyo ndiyo thamani ya mapema, kwamba mtu hupata nafasi ya kuchagua.

Juu ya tiba sitasema mengi, kwa kuwa kila mgonjwa na hali yake. Iliyo ndani ya tezi hutibiwa kwa upasuaji au kwa mionzi, na zote mbili zaweza kuleta udhaifu wa kuzuia mkojo na udhaifu wa nguvu za kiume, mambo ambayo una haki ya kuyauliza kabla ya kutia sahihi, tena ukiwa na mkeo kando yako. Iliyoenea hutibiwa kwa kuondoa homoni za kiume zinazoilisha, jambo lililobainishwa na Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941, likampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hufanywa kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa kutolewa kokwa, na kutoka hapo dawa nyingine huongezwa. Haiponyi kabisa, lakini hurefusha maisha na kutuliza mifupa, na si haki kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hana la kufanyiwa.

Dawa za unga na za chupa zinazotangazwa kwa vipaza sauti vituoni na sokoni, kwamba zinayeyusha tezi kwa siku 21, nakusihi ujiepushe nazo. Mkojo ukilegea kidogo baada ya kuzinywa, mtu huona amepona, na saratani, ambayo tumekwisha kusema haina shughuli na mkojo, huendelea na safari yake kwa mwaka mzima.

Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, uulize kama PSA hupimwa hapo, bei yake ni kiasi gani, na kama bima yako inaigharimia. Ukihitaji zaidi utapewa rufaa, kwa Tanzania kwenda Muhimbili, KCMC, Bugando, au Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi, kwa Kenya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na kwa Uganda Mulago na Taasisi ya Saratani iliyo jirani yake. Usiende peke yako kuchukua majibu. Fadhaa huziba masikio, na wa pili husikia yale ambayo wewe yamekupita.

Majibu yoyote utakayopewa yaandike katika daftari moja: namba ya PSA, tarehe, na jina la maabara, maana daktari wa mwaka ujao atataka kuzilinganisha. Na ukigunduliwa kuwa na saratani, usiifanye kuwa siri yako na ya mkeo. Waite ndugu zako na watoto wako, wa kiume na wa kike, uwaeleze jina la maradhi, umri uliokuwa nao ulipogunduliwa, na kama ilikuwa imeenea au la. Wape nakala ya majibu ya kinyama, na yule kati yao anayekaribia miaka 45 aende nayo kwa daktari mwezi huo huo.